Kwa Nini Msafiri wa Majini Hutapika

Rughenda ni mlimani. Mtu akisimama karibu na kiwanja cha ndege, aona nyumba za Butembo zimetapakaa juu ya vilima, na katikati yake migomba na mikalitusi. Maji makubwa hayaonekani kamwe. Bahari ya Hindi iko mbali, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa mashariki. Basi mtoto wa shule aweza kusema: "Ugonjwa wa bahari ni jambo la watu wa Mombasa na Zanzibar. Sisi watu wa milima watuhusu nini?"

Watuhusu sana. Samaki wanaouzwa katika soko la Butembo, wabichi na waliokaushwa, wengi wao watoka Ziwa Edward. Wanawake wanaowafuata samaki hao hushuka kwa kamio. Butembo iko juu, karibu meta 1,800. Ziwa liko chini, meta 900 na zaidi kidogo. Mteremko huo ni kona juu ya kona. Wakifika Kyavinyonge, wengine hununua na kurudi. Wengine hupanda mtumbwi wa mota waende hata Vitshumbi, upande wa kusini. Ziwa lina urefu wa kilomita 77 hivi na upana wa kilomita 40 hivi, kwa hiyo hiyo si safari ya kwenda kuchota maji na kurudi.

Na ugonjwa unaomshika mtu katika kamio kwenye kona, na ule unaomshika katika mtumbwi, na ule unaomshika katika ndege ndogo inayopaa kutoka Rughenda, ni ugonjwa mmoja. Ukaitwa wa bahari kwa sababu watu wa kale waliujua kwanza ndani ya vyombo vya maji. Hata Wayunani wa zamani walikipa kichefuchefu jina lililotoka katika neno lao "naus", maana yake meli.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka tisa anayesafiri na shangazi yake. Asubuhi, kabla ya kupanda mtumbwi, amekula maandazi yanayochuruzika mafuta, akanywa na chai ya maziwa. Amepata mahali pa kukaa mbele kabisa, pale chombo kinapoinuka na kuanguka. Miguuni pake kuna dumu la petroli. Nusu saa ya kwanza afurahi na kuhesabu ndege wa majini. Kisha upepo waanza. Mtoto apiga miayo, ingawa hana usingizi. Mate yamjaa kinywani. Uso wabadilika, jasho la baridi lamtoka.

"Shangazi, moyo wanichafuka."

"Inama, mwanangu. Funika kichwa kwa kitenge changu, utazame miguu yako."

Shangazi asema hivyo kwa huruma, lakini shauri lake si zuri, na sababu itaonekana mbele. Baada ya kitambo mtoto aruka ghafula kwenda ubavuni kutapika. Watu wanne wasogea kumpisha, na wengine wawili wamfuata ili wamshike. Mtumbwi wote walala upande mmoja, na maji yaingia.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kutapika kwenyewe hakumwui mtu mzima mwenye afya katika safari ya saa chache. Lakini mtumbwi mwembamba uliojaa mizigo husimama sawa kwa sababu uzito umegawanyika sawa. Watu watano wakikimbilia upande mmoja, uzito wahama nao. Watu wa Kivu wajua jambo hili kwa machozi. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichoitwa Merdi kilitoka Minova kikiwa kimejaa watu kupita kiasi, maana barabara ya kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita. Kilizama mbele ya bandari ndogo ya Kituku, karibu kabisa na nchi kavu, watu wa pwani wakitazama. Hakuna asemaye kwamba kichefuchefu ndicho kilichokizamisha. Ila chombo kilichojaa hivyo hakina nafasi ya kusamehe hata kosa dogo la abiria. Kwa hiyo mtu anayejua kujikinga na kichefuchefu hajisaidii yeye peke yake.

Sasa, kitu gani kinachomfanya mtu atapike, hali hana homa, wala hakula kitu kibaya?

Zamani watu wengi walidhani kwamba tumbo latikisika kama maziwa ndani ya kibuyu, na chakula chapanda juu. Ndiyo sababu wengine walijifunga kitambaa tumboni kwa nguvu. Kumbe ugonjwa hauanzii tumboni. Waanzia sikioni.

Sikio lina sehemu ya nje inayoonekana, na ndani kabisa ya mfupa wa kichwa lina sehemu nyingine ndogo sana. Huko ndani, pamoja na kiungo cha kusikia, kuna vifereji vitatu vilivyopinda kama nusu ya pete, navyo vimejaa maji. Tazama pembe ya nyumba, pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Vifereji vile vitatu vimepangwa karibu hivyo: kimoja chalala kama sakafu, viwili vyasimama kama zile kuta mbili. Kwa hiyo kichwa kikigeuka upande wowote, kimoja kati yao chapata habari.

Chapataje habari? Jaribu mwenyewe. Chukua bakuli la maji, nyunyiza juu yake makapi ya mpunga au unga wa msumeno. Ngoja maji yatulie. Kisha zungusha bakuli polepole mahali pake. Utaona bakuli linageuka, lakini makapi yamebaki nyuma, maana maji hayakubali kuzunguka mara moja. Endelea kuzungusha, maji nayo yataanza kwenda pamoja na bakuli. Sasa simamisha bakuli ghafula. Bakuli limesimama, lakini maji yaendelea kuzunguka! Ndivyo ilivyo sikioni. Kichwa kikigeuka, maji ya kifereji yabaki nyuma, yasukuma kifuniko laini kama ute mzito, nacho chainamisha vinyweleo vidogo sana. Mishipa ya fahamu yapeleka habari ubongoni: "Kichwa kimegeuka kulia." Watoto wanaocheza kwa kujizungusha uwanjani waijua sehemu ya pili ya jaribio hili. Wakisimama, waona dunia nzima yaendelea kuzunguka, kwa sababu maji ya masikioni hayajasimama bado.

Karibu na vifereji hivyo kuna vifuko viwili. Ndani yake mna vijiwe vidogo kuliko punje ya mchanga laini, vilivyotengenezwa kwa kitu kilekile kinachofanya chokaa, navyo vimelala juu ya ute. Mtu akiinuliwa au kuangushwa, au akiinama, vijiwe vyavuta ute, na ubongo wajua: "Napanda," au "Nashuka." Robert Bárány, mganga wa Vienna, alichunguza sana kazi ya vifereji hivi, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

Lakini ubongo hausikilizi sikio peke yake. Una mashahidi watatu: masikio ya ndani, macho, na nyayo pamoja na misuli ya mwili. Mtu akitembea njiani kutoka shuleni kwenda nyumbani, mashahidi wote watatu wasema neno moja. Sikio lasema, "Twaenda." Jicho lasema, "Naam, miti yapita." Miguu yasema, "Twakanyaga." Hakuna shauri.

Sasa rudi kwa yule mtoto mtumbwini, kichwa chake kikiwa chini ya kitenge. Sikio lasema, "Twapanda! Twashuka! Twalala kushoto!" Jicho laona miguu yake, sakafu ya mtumbwi na dumu la petroli, vyote vimetulia mahali pake, kwa maana vyapanda na kushuka pamoja naye. Kwa hiyo jicho lasema, "Hakuna kinachotembea hapa." Mashahidi wanapingana, na ubongo hauna njia ya kukata kesi hiyo. Wachanganyikiwa, na katika kuchanganyikiwa huko wamletea mtu miayo, mate, jasho, na mwisho matapishi. Ndiyo maana shauri la shangazi lilikuwa baya. Alimziba jicho shahidi wake wa kweli.

Kwa nini hasa ubongo uliovurugika utapishe, wala usilete kikohozi au njaa? Mwaka 1977 mtaalamu mmoja, Michel Treisman, alitoa maelezo yanayopendeza, ingawa si wataalamu wote wanaoyakubali. Alisema kwamba tangu kale, sumu ya chakula ndiyo iliyokuwa ikimfanya mtu aone mambo yamepinda na dunia yazunguka. Ubongo ukiona macho na masikio havipatani, wadhani mtu amekula sumu, na watoa amri tumbo limwagwe upesi. Kwenye nchi kavu amri hiyo yaokoa maisha. Mtumbwini yapoteza maandazi tu.

Je, kuna ushahidi kwamba kosa ni la sikio wala si la tumbo? Upo, na ni wa ajabu. Tangu mwisho wa miaka ya 1950, wataalamu wa Marekani waliokuwa wakitayarisha safari za kwenda angani waliomba msaada wa wanaume viziwi 11 wa Chuo cha Gallaudet. Karibu wote walipoteza masikio yao ya ndani utotoni kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, ule wa utando wa ubongo. Siku moja walipandishwa chombo katika bahari yenye dhoruba kali karibu na Nova Scotia. Viziwi walikaa wakicheza karata kwa furaha. Wataalamu waliokuja kuwapima walikuwa wamelala hoi, wakitapika, hata jaribio likasimamishwa. Matumbo ya wote yalitikiswa sawasawa. Tofauti ilikuwa sikioni.

Hapa pafaa kuondoa wazo moja baya linalowaumiza watoto. Wakubwa wengine humcheka anayetapika na kumwita mwoga. Si kweli. Horatio Nelson, jemadari mkuu wa manowari za Waingereza, aliyekufa vitani mwaka 1805, alikuwa akishikwa na ugonjwa huu mara kwa mara. Charles Darwin alizunguka dunia kwa meli Beagle toka 1831 mpaka 1836, naye aliteseka nao muda wote wa safari. Mtu aweza kuwa shujaa kabisa na sikio lake likamshinda. Tena umri wahusika sana. Watoto wachanga ambao hawajatimiza miaka miwili hushikwa kwa nadra. Wale wa miaka miwili mpaka 12 hushikwa kuliko wote, hasa karibu na miaka tisa au kumi. Baadaye wapungukiwa. Wanawake hushikwa zaidi kidogo kuliko wanaume, hasa wakiwa na mimba. Mwenye kuumwa kichwa cha upande mmoja mara kwa mara, naye ajihadhari.

Mtu mmoja hashikwi kirahisi: yule anayeendesha. Dereva wa kamio akata kona zote na hajisikii vibaya, hali abiria wake wanachungulia dirishani wakiwa wamefura mashavu. Kwa nini? Kwa sababu ajua kona inakuja kabla haijafika. Macho yake yako mbele njiani, mikono yake yaamuru mwendo. Ubongo wake umekwisha pata taarifa. Mwendesha mtumbwi vivyo hivyo. Basi abiria na amwige dereva kadiri awezavyo, na mashauri mengine yote karibu yanatokana na hilo.

Shauri la kwanza ni macho. Macho yatazame mbali, kwenye kitu kisichotikisika. Baharini kitu hicho ni upeo, ule mstari ambapo mbingu na maji vyakutana. Katika Ziwa Edward kuna kitu bora zaidi, nacho ni milima ya Mitumba, iliyosimama kama ukuta upande wa magharibi. Mwendesha mtumbwi mzee aweza kumwambia mtoto, "Acha dumu hilo, mwanangu. Tazama ule mlima, uniambie una migongo mingapi." Neno hilo lina dawa mbili. Jicho lapata kuona kwamba mtumbwi kweli wapanda na kushuka, nalo lapatana na sikio. Tena akili yapata kazi ya kufanya. Wanaoimba na kuongea hushikwa kwa shida kuliko wanaokaa kimya wakingojea kushikwa. Kusoma kitabu au kutazama simu ni kosa kubwa, iwe majini au barabarani. Kama mawingu na giza vimeficha milima, afadhali kufumba macho kabisa na kuegemeza kichwa mahali pasipotikisika, kuliko kutazama ndani ya chombo. Shahidi aliyenyamaza ni bora kuliko shahidi anayepinga.

Shauri la pili ni mahali pa kukaa. Tazama watoto wanaocheza juu ya ubao uliowekwa katikati juu ya gogo, mmoja huku na mmoja huku. Wao wapaa juu na kushuka chini, lakini yule anayesimama katikati, juu ya gogo, hasogei sana. Chombo ni kama ubao huo. Mbele na nyuma huruka, katikati hutulia. Kwa hiyo mwenye sikio dhaifu akae katikati, tena chini, wala si juu ya magunia. Mahali hapo ndipo pazuri pia kwa usawa wa chombo. Katika meli kubwa, chumba cha chini katikati hutikisika kidogo kuliko vyote, lakini mara nyingi kina joto na harufu ya mafuta, basi mtu achague. Wengi huona afadhali kukaa nje katikati ya meli, upepo ukiwapiga usoni. Katika kamio au basi, kiti cha mbele chafaa kuliko cha nyuma, na uso uelekee njia, usielekee walio nyuma.

Wengine hushangaa kwamba mawimbi madogo ya harakaharaka hayawadhuru, lakini yale marefu na ya polepole yawamaliza. Wamepima mambo hayo, wakaona kwamba mwendo unaodhuru kuliko wote ni ule wa kupanda na kushuka mara moja kwa sekunde tano hivi. Ndio mwendo wa meli ya bahari siku ya mawimbi makubwa. Upande wa pwani ya Afrika ya Mashariki mabaharia huzijua siku hizo kwa pepo zake. Kusi, upepo wa kusini, huwa na nguvu katikati ya mwaka. Kaskazi huvuma toka Desemba mpaka Machi hivi. Kati ya pepo hizo mbili bahari hupata kutulia. Katika maziwa makubwa, mara nyingi asubuhi mapema ni tulivu kuliko alasiri, kwa hiyo msafiri mwenye akili haanzi safari jua likiwa limeinama.

Kuhusu chakula watu hukosa kwa njia mbili. Mmoja hujaza tumbo kwa vitu vya mafuta, akidhani safari ndefu yataka shibe. Mwingine hali kitu kabisa, akidhani tumbo tupu halitapiki. Tumbo tupu hutapika vizuri sana, tena kwa uchungu, maana hutoa nyongo. Kilicho bora ni chakula kidogo kikavu saa moja au mbili kabla ya kuondoka: mkate, ndizi, kipande cha muhogo. Maji yanywewe kidogo kidogo njiani. Bia na kasiksi ziachwe. Pombe yenyewe huvuruga maji ya sikio, ndiyo maana mlevi aona kitanda chake chazunguka hata akiwa nchi kavu. Tangawizi, iliyotafunwa au iliyochemshwa katika chai, huwasaidia wengine kidogo. Haina ubaya kwa wengi, na sokoni Butembo haikosekani. Harufu ya petroli, ya sigara na ya samaki humsukuma mtu aliyekuwa ukingoni, basi akae upande upepo unakotoka.

Dawa za vidonge zipo, na mojawapo ilijulikana kwa bahati. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, waganga walimpa mama mjamzito dawa mpya ya kuondoa upele unaowasha. Mama huyo alikuwa akitapika kila apandapo tramu mjini. Alirudi akawaambia kwamba tangu anywe dawa, tramu haimsumbui tena. Waganga wakatega sikio. Mwaka uliofuata dawa ikajaribiwa kwa askari zaidi ya elfu moja katika meli iliyotoka Marekani kwenda Ujerumani, ikaonekana kweli yasaidia. Dawa hiyo ni dimenihidrinati. Ziko na nyingine za namna yake. Lakini zote zina sheria tatu. Hunywewa kabla ya safari, nusu saa au saa moja hivi, maana tumbo lililokwisha anza kutapika halizipokei. Huleta usingizi, kwa hiyo mwendesha mtumbwi au dereva asizinywe. Tena mtoto hapewi kidonge cha mkubwa kilichokatwa kwa kukisia. Ziko ambazo zaweza kumfunga pumzi mtoto mdogo wa chini ya miaka miwili. Muuguzi wa zahanati ndiye apimaye kiasi, wala si muuza dawa wa barabarani mwenye sanduku kichwani.

Wako watu ambao kazi yao au mchezo wao huwapeleka penye mawimbi kwa kusudi, nao ni wapiga mbizi. Wageni wengi huenda Zanzibar, Pemba na Mafia kutazama matumbawe chini ya maji wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Mashua yao hufika karibu na mwamba, kwa mfano huko Mnemba, kisha husimama. Na chombo kilichosimama hutikiswa vibaya kuliko kinachokwenda. Anayekaa hapo dakika ishirini, ameinama akifunga mikanda na vifaa, huugua kabla hajalowa. Kwa hiyo wenye ujuzi huvitayarisha vifaa vyao vyote nchi kavu, na anayejijua kuwa dhaifu hutangulia kuingia majini. Chini kidogo mawimbi hupungua nguvu, na kadiri mtu anavyoshuka ndivyo maji yanavyotulia. Lakini akishikwa na kutapika huko chini, asikiondoe kipumulio kinywani kwa aibu. Atapike ndani yake na kuvuta hewa humohumo, maana baada ya kutapika mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kinywa ki wazi atavuta maji. Dawa yenye usingizi pia haifai kujaribiwa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Turudi ziwani. Mtu akishindwa na kutapika, na afanye nini? Asisimame. Hilo ndilo neno kubwa. Abaki ameketi katikati, apewe ndoo ndogo, bakuli au mfuko usiotoboka, na mfuko huo uwe umetayarishwa mkononi toka mwanzo. Jirani mmoja tu amshike bega. Wengine wote wabaki mahali pao, kila mtu akiwa amevaa koti lake la kuelea, tena limefungwa. Akimaliza asukutue kinywa, anywe maji vijiko vichache vichache. Asifichwe chini ya kitenge. Afunuliwe uso apate upepo na kuona mlima. Safari ya siku mbili au tatu humzoeza mtu mwenyewe, ubongo ukijifunza kwamba hivi ndivyo dunia ilivyo sasa. Baadaye akishuka aona nchi kavu yayumba! Jambo hilo huchekesha, nalo huisha baada ya saa chache, au siku moja mbili.

Mtoto mdogo au mzee aliyetapika mara nyingi amepoteza maji na chumvi. Arudishiwe vyote viwili: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote sawasawa bila kilima. Anywe polepole.

Na liko jambo moja ambalo wenyeji wa Butembo na Beni hawawezi kulisahau. Toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulikuwa katika nchi hii. Watu 3,470 walihesabiwa kuugua, na 2,287 walikufa. Wakati huo abiria aliyetapika katika basi aliwatia wote hofu, na njiani kote palikuwa na vizuizi vya kunawa mikono na kupima joto. Hofu ile haikuwa ya bure, wala kipimo kile. Kichefuchefu cha safari hakileti homa. Huanza chombo kikitikisika, na hupungua mtu akitulia chini ya mti, hata kama uchovu na kuumwa kichwa vyabaki mpaka jioni. Lakini mtu akiendelea kutapika baada ya kufika, au mwili ukiwa na joto, au akiharisha, au akitoa damu, au kama alikuwa akiumwa kabla ya kupanda, basi ni ugonjwa mwingine, na huenda ukawa malaria, kipindupindu, au kibaya zaidi. Watu wasiguse matapishi kwa mikono mitupu, wala wasiseme, "Ni mtumbwi tu, kesho atapona." Apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Muuguzi atauliza saa alipoanza kutapika, alichokula, alikotoka, na nani alikaa karibu naye. Na yule aliyesafiri naye ndiye awezaye kujibu yote.